Mdomo wa Mzee Kahangwa

Sikio la baba yake lilianza kusikia siku ya Jumanne, mnamo saa nane mchana, Jovina akiwa anatoa nakala za cheti cha ndoa cha mteja. Alikuwa amelibandika ukutani juu ya mashine ya fotokopi ili alitazame kwa mbali, kama mwalimu wake alivyokuwa akimwagiza. Karatasi ikakwama ndani ya mashine. Jovina akaupiga mfuniko kwa kiganja, na sikio pale ukutani likajivuta nyuma kidogo, kama sikio la mtu aliyeshtuliwa akiwa anasinzia.

Mteja, mwanamke wa makamo aliyekuwa ameegemea kaunta, aliliona.

"Hilo linasikia," alisema. "Hiyo nakala ya pili niongezee wino, majina hayasomeki."

Jovina akaongeza wino, akapunguza sauti ya redio. Jioni alipofunga duka alilibandua sikio, akalitia ndani ya faili la plastiki, akaenda nalo nyumbani, chumba cha kupanga nyuma ya msikiti mdogo wa Kashai. Njiani alilikumbatia faili kifuani ili kelele za bodaboda zisilisumbue.

Lilikuwa sikio la kulia la Mzee Clavery Kahangwa wa Izigo, aliyekuwa amefariki miaka mitatu nyuma. Lilikuwa sikio la mia moja na kumi na nne tangu Jovina aanze kujifunza kuchora, na la kwanza kufanana.

Alianza kwa sababu ya woga. Siku moja, akiwa ameinama anachota maji, alijaribu kuukumbuka uso wa baba yake akaupata nusu tu. Hakujua tena nyusi zilianzia wapi. Na hakuwa na pa kutazama, maana picha zote za mzee, pamoja na kitambulisho chake, zilibaki Izigo ndani ya sanduku la bati ambalo kaka yake, Rutashobya, alilifunga kwa kufuli siku ya kuanua matanga. Basi akachukua karatasi iliyoharibiwa na mashine, akaigeuza upande mweupe, akachora. Kilichotokea kilifanana na kiazi kilichovaa kofia. Akaandika tarehe pembeni, kwa mazoea ya kazi.

Siku chache baadaye Mwalimu Muhidini alikuja kutoa nakala. Alikuwa mzee mrefu, mstaafu, aliyewahi kufundisha sanaa chuoni na sasa alikuwa akiandika mabango ya maduka na majina kwenye misalaba ya makaburi, ingawa yeye mwenyewe alikuwa Mwislamu. Aliiona karatasi kwenye kaunta, akavaa miwani.

"Huyu amefanya kosa gani?"

"Ni baba yangu, mwalimu."

"Basi tumwombe radhi," alisema Muhidini. "Leta penseli."

Akamwonyesha kwamba macho hayako juu ya uso bali katikati yake, na kwamba kati ya jicho na jicho linaenea jicho la tatu. Akamwonyesha kuchonga penseli kwa wembe, si kwa kichongeo, na kusambaza kivuli kwa karatasi laini iliyosokotwa, si kwa kidole, kwa sababu kidole kina mafuta. Akamkataza kuzungushia mstari kitu chochote. Kila Alhamisi alasiri alipita dukani, akaketi kwenye stuli ya plastiki, akatazama kazi za wiki. Mara nyingi alisema neno moja, "Tena." Jovina alirudia. Mwaka wa kwanza alimaliza karatasi ambazo mtu angeweza kuzikalia kama kigoda.

Sikio lenyewe alilipata kwa shangazi yake, Kokubanza, dada wa marehemu, aliyeishi Nyanga kati ya migomba na mibuni yake. Shangazi alikuwa Mlutheri mkimya mwenye masikio makubwa ya ukoo. Alikubali kukaa barazani Jumapili tano mfululizo akipepeta maharage huku mpwa wake akimchora upande mmoja wa kichwa. "La kwako lina ndewe ndefu kidogo, shangazi." "Hereni hizo," alisema Kokubanza. "La kaka yangu lilikuwa fupi. Kata hapo."

Jovina akakata, na Jumanne ile likasikia.

Fundi cherehani wa chumba cha jirani aliomba sikio ligeuziwe ukuta kila anapozungumza kwenye simu na mchumba wake, na Jovina akawa analigeuza. Nyakati nyingine alilisemesha. Alilieleza habari ambazo baba yake hakuzipata, kwamba alifukuzwa. Kwamba vyombo vyake vilitolewa kwenye veranda mvua ikinyesha. Sikio lilisikiliza. Wakati mwingine liliegemea mbele kidogo kwenye karatasi. Kujibu lisingeweza, na Jovina hakulilaumu kwa hilo.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mzee Kahangwa alikuwa na ardhi mbili. Moja ilikuwa kibanja cha ukoo, chenye nyumba na makaburi, ambacho kwa desturi hupita kwa wanaume. Ya pili ilikuwa kibanja cha mtoni, ambacho alikinunua mwenyewe ujanani kutoka kwa mtu aliyehamia Karagwe. Hicho angeweza kumpa yeyote amtakaye, hata binti. Jovina alirudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika, akamuuguza baba yake miaka sita, na katika miaka hiyo akakigeuza kibanja cha mtoni kutoka magugu kuwa migomba. Mchana mmoja akiwa jikoni anamenya ndizi, mzee aliingia na fimbo yake, akaketi kwenye kigoda, akasema: "Kile cha mtoni ni chako, mwanangu. Usije ukamwachia mtu." Jikoni walikuwa wawili na kuku mmoja.

Baada ya mazishi ukoo ulikaa. Rutashobya, aliyekuwa Mwanza miaka yote ile ya ugonjwa, akatangazwa mrithi. Jovina akasema alichoambiwa. Mkuu wa ukoo, Ta Byabato, akamuuliza kwa upole nani mwingine alisikia. Hakuna mwingine aliyesikia. Mwezi uliofuata Jovina alikuwa Kashai, akitoa fotokopi za vyeti vya watu wengine.

Macho yalimchukua mwaka mwingine mzima. Ilimbidi ajifunze kwamba weupe wa jicho si mweupe, kwamba kope ya chini ina unyevu, na kwamba ule mng'aro mdogo kwenye mboni hauchorwi. Ni karatasi inayoachwa bila kuguswa. Yalifunguka Jumapili moja baada ya misa ya pili. Yalimtazama Jovina. Kisha yakatazama kitanda, ndoo mbili, jiko la mkaa, gauni lililotundikwa kwenye msumari, yakarudi tena kitandani. Jovina alisubiri. Macho yakapanda juu, yakatulia kwenye mabati, yakakaa huko mpaka alasiri.

Hata alipokuwa hai mzee alikuwa hivyo. Kitu kikimtia aibu, alikuwa akitazama paa.

Pua ilikuja kwa urahisi zaidi, ikaanza kwa kupiga chafya, kwa sababu ya vumbi la penseli. Jovina akawa anaipulizia karatasi kwanza kabla ya kuanza kazi, na akichemsha kahawa alikuwa akiisogeza sufuria karibu ili mzee apate harufu.

Mdomo ulikataa.

Aliuchora miezi kumi na minne. Aliuchora jinsi alivyoukumbuka kutoka jikoni mchana ule, umetulia, midomo imegusana bila kubanana, pembe ya kushoto imeinuka kidogo. Ulikuwa mchoro safi. Vivuli vilikaa mahali pake. Lakini chini ya pua inayopumua na macho yanayopepesa, mdomo ule ulikaa kama kitu kilichobandikwa.

"Huu ni mdomo wa nani?" aliuliza Muhidini Alhamisi moja.

"Wa baba, mwalimu."

Mwalimu akaitazama karatasi. Macho ya kwenye karatasi yakamtazama na yeye, kwa adabu.

"Huyu bwana ana macho ya mtu anayeogopa wenzake," alisema Muhidini. "Halafu wewe umempa mdomo wa mtu asiyeogopa mtu. Haviwezi kukaa nyumba moja. Mara ngapi ulimwona na mdomo huu?"

Jovina alifikiri.

"Mara moja."

"Chora ule mwingine. Ule wa siku zote."

Jovina alikasirika, na Alhamisi mbili hakumwonyesha kitu. Alijua Muhidini alikuwa akisema mdomo gani. Alikuwa amejizuia kuukumbuka.

Aliuona tena Izigo, kwenye msiba wa jirani. Watu walikuwa wamesimama kwa makundi wakisubiri mwili utolewe, na Ta Byabato alikuwa akimkaripia Rutashobya mbele ya wanaume kwa kuchelewa kuleta maturubai. Rutashobya alikuwa mtu mzima mwenye kitambi na simu mbili. Mdomo wake wa chini uliingia ndani polepole, ukapita chini ya meno ya juu, ukakaa humo, na kidevu kikafanya vikunjo vitatu vidogo. Jovina alisimama hatua chache kutoka hapo na fungu lake la mboga mkononi. Alivihesabu vikunjo. Alitazama kivuli kilivyoangukia pembeni. Baada ya maziko hakungoja chakula.

Aliumaliza siku tatu baadaye, alasiri. Alipoinua penseli mdomo ulibaki vilevile, umeingia ndani, kama mtu anayetafuna neno. Kisha ukatoka, ukafunguka.

"Jovina," alisema Mzee Kahangwa. Sauti ilikuwa yake, yenye makwaruzo, ingawa ilikuwa nyembamba kwa sababu ya karatasi. "Umekonda."

"Shikamoo, Tata."

"Marahaba, mwanangu. Hiki ndicho chumba chako?"

"Ndicho."

"Kina unyevu."

Walizungumza mpaka mkaa ukafa jikoni. Mzee alimuuliza habari za shangazi Kokubanza, za ng'ombe aliyeachwa na mimba, za bei ya kahawa. Mwishowe Jovina alimuuliza lile jambo. Aliuliza huku ameshika penseli bado, kwa kutojua mikono aiweke wapi.

"Kile cha mtoni?" alisema mzee. "Nilikupa. Nakumbuka. Ulikuwa unamenya ndizi, kuku mweusi alikuwa anaokota maganda. Nilikupa kwa moyo mmoja."

Jovina akalia kidogo, akageuza uso ili machozi yasidondokee karatasi.

Kesho yake alimpigia simu Ta Byabato, akamweleza kwamba marehemu yuko tayari kuzungumza. Ta Byabato alisema ni vizuri, akauliza kama Jumamosi ingefaa.

Kikao kilifanyika sebuleni kwa marehemu, Izigo. Jovina alifika na mchoro ndani ya fremu ya mbao, umefungwa kwa kitenge. Wazee walisimama ulipofunuliwa. "Karibu nyumbani, Kahangwa," alisema Ta Byabato, na mzee akaitikia, akawauliza hali mmoja mmoja kwa majina. Wakamweka kwenye kiti chake cha zamani, kile chenye mto wa buluu. Kahawa ya kutafuna ilipitishwa kwenye kikapu kidogo, na punje mbili zikawekwa mbele yake kwenye ukingo wa fremu. Katibu aliandika mahudhurio: wanaume kumi na mmoja, Jovina, na marehemu.

Rutashobya aliketi karibu na mlango. Hakumtazama dada yake wala baba yake.

"Kahangwa," alianza Ta Byabato, "hatukukuita kukusumbua. Binti yako anasema ulimpa kibanja cha mtoni. Sisi hatukuwepo. Sasa uko hapa, sema mwenyewe. Ulimpa, hukumpa?"

Macho ya mzee yaliwazunguka wanaume wale kumi na mmoja. Aliwajua wote. Alikuwa amelima nao, amekunywa nao pombe ya lubisi, amewazika baba zao. Macho yakafika kwa Jovina, yakamvuka, yakapanda kwenye paa.

"Mambo ya ardhi," alisema, "ni ya wanaume kukaa na kuzungumza."

"Tumekaa. Zungumza."

"Mrithi wangu ni Rutashobya."

"Hilo tunalo kwenye muhtasari. Tunauliza cha mtoni."

"Mrithi ni mrithi," alisema Mzee Kahangwa.

Jovina alikuwa amekaa mkekani, upande wa wanawake, ambako alikuwa peke yake. Alisema bila kupewa nafasi.

"Tata. Jikoni. Nilikuwa namenya ndizi."

"Jikoni watu husema mengi," alijibu mzee, bado akitazama mabati.

"Juzi uliniambia unakumbuka. Ulimkumbuka hata kuku."

Mdomo wa chini ukaingia ndani. Ulipita chini ya meno ya juu, ukakaa humo, na kidevu kikafanya vikunjo vitatu. Vilikuwa vimechorwa vizuri sana. Hata wazee waliokaa mbali waliviona. Mtu mmoja akakohoa. Ta Byabato alingoja muda ambao heshima ilidai, kisha akamwambia katibu aandike kwamba marehemu amethibitisha mrithi wake.

Ajenda ya pili aliileta Rutashobya. Alisema, kwa sauti ya chini, kwamba haifai mzee kukaa chumba cha kupanga Kashai, chenye unyevu, ilhali ana nyumba yake. Picha ya marehemu ni ya nyumba ya marehemu. Wazee wakakubali kwamba hilo ni la maana. Wakamuuliza mzee mwenyewe. Mzee akasema hapo ni nyumbani. Jovina akapewa kalamu, akatia saini mahali alipoonyeshwa.

Wakati mke wa Rutashobya akitafuta msumari na nyundo, waliachwa wawili sebuleni kwa dakika chache. Jovina alipiga magoti mbele ya kiti.

"Kwa nini, Tata?"

"Walikuwa wananitazama wote, mwanangu."

"Na Kashai?"

"Kashai tulikuwa wawili," alisema mzee, na sauti yake ilikuwa na huruma ya kweli. "Wewe ni mtoto mzuri. Umenichosha, lakini umenichora vizuri. Hakuna kilichopungua."

Msumari ukapatikana.

Ta Byabato alimsindikiza Jovina mpaka barabarani, akitembea taratibu kwa sababu ya goti lake. Migomba ya mtoni ilionekana upande wa chini, imejaa, majani yake yamefungana. Mkuu wa ukoo alisimama kupumzika.

"Usifikiri sisi ni watu wabaya," alisema. "Mimi aliniambia. Tulikuwa wawili, tunarudi mnadani. Alisema, kile cha chini nampa Jovina. Na Datius, yule katibu, naye aliambiwa. Nadhani hata kaka yako. Alituambia mmoja mmoja, kila mtu kwa wakati wake."

"Basi mlijua."

"Tulijua. Lakini alipokuwa hai hakusema kikaoni. Leo tumempa nafasi nyingine, umeona mwenyewe, na hakusema. Sasa mkuu wa ukoo afanye nini?" Alisubiri jibu kwa dhati. Jovina aliitazama migomba. Ta Byabato akamtakia safari njema, akaipungia pikipiki iliyokuwa ikipita.

Muhidini alipewa habari Alhamisi iliyofuata, ameketi kwenye stuli yake.

"Ungeniletea kwanza niuone huo mdomo," alisema. Ilionekana kumuuma.

Jovina aliendelea kuchora, maana asingejua jioni zake azifanyie nini. Watu wa Kashai walianza kumletea picha za paspoti za ndugu zao. Alichora mabibi harusi na mapadri, alichora mtoto aliyekufa kwa homa, na huyo mama yake alimchukua haraka, akiwa amemfunika kwa kanga, kwa sababu mtoto alikuwa ameshaanza kulia pale karatasini. Katikati ya kazi hizo alijaribu mara kadhaa kumchora baba mwingine, yule ambaye angesema mbele ya watu kumi na mmoja. Alikumbuka kiazi chake cha kwanza na kofia yake, jinsi kilivyokuwa na mdomo mpana, wazi. Alijaribu kuurudia mstari ule wa mtu asiyejua kuchora. Mkono ulikataa. Kila mara ulijirekebisha wenyewe katikati ya njia, ukapima, ukaweka kivuli panapostahili, na mdomo wa chini ukaingia ndani.

Mvua za masika zilipofika Rutashobya alimpigia simu. Haikuwa kawaida yake.

"Mzee amefifia," alisema. "Kioo tulikitoa kwa sababu pumzi yake ilikuwa inakijaza ukungu. Sasa moshi wa jikoni na hii mvua, na watoto wanamgusagusa. Anaongea kama mtu mwenye ugali mdomoni. Wageni hawamwelewi. Njoo umtazame, dada yangu."

Alienda siku ya Jumamosi na penseli zake, wembe na mkate. Mzee alikuwa ukutani juu ya kabati la vyombo. Sikio la kulia lilikuwa bado zima, lakini upande wa chini wa uso ulikuwa umekuwa kijivu, na mdomo ulikuwa doa. Macho yalimfurahia. Jovina alimshusha, akamlaza mezani karibu na dirisha, akaomba waachwe peke yao ili mkono usitikisike. Wakatoka wote. Aliwasikia wakicheka uani, wakichambua kahawa.

Alilifuta doa kwa mkate, taratibu, kama Muhidini alivyomfundisha, mpaka karatasi ikawa nyeupe chini ya pua. Baba yake akamtazama bila mdomo. Kisha Jovina akafanya jambo alilokuwa amelifikiria njia nzima kutoka Kashai. Kwa mistari michache myepesi aliuchora mdomo wa jikoni, midomo imegusana bila kubanana, pembe ya kushoto imeinuka. Alijua hautasema kitu. Alitaka tu kukaa nao.

Mdomo haukusema kitu. Juu yake macho yalianza kuhangaika. Yalitazama mlango, yakatazama dirisha, yakamtazama Jovina, yakawa na maji. Pua ilivuta pumzi kwa nguvu. Alikuwa kama mtu aliyevalishwa koti la mwenzake, akafungwa na vifungo. Jovina alimtazama hivyo kwa muda ambao birika lingechukua kuchemka. Alingoja ajisikie vizuri. Kilichomjia ni kwamba mtu huyu hamjui, na kwamba alikuwa amemkumbuka sana yule mwingine. Kikohozi chake, na jinsi alivyouliza habari za ng'ombe.

Akaufuta. Akachonga penseli upya, akauchora ule wa siku zote, na safari hii haikumchukua hata saa moja.

Mzee Kahangwa aliutoa mdomo nje, akaulamba kwa ulimi.

"Ahsante, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Unajua kile cha mtoni..."

Mlango ulifunguliwa. Alikuwa Rutashobya, na nyuma yake mkewe, na jirani mmoja aliyekuja kuazima jembe.

"Rutashobya!" aliita mzee kwa sauti kubwa iliyojaa sebule nzima. "Mwanangu, ahsante kwa kunitunza. Nyumba hii ina mwenyewe!"

"Sasa anasikika," alisema jirani.

Walimrudisha ukutani, wakaupima msumari kama bado una nguvu. Rutashobya alimshika dada yake bega, akasema amefanya kazi nzuri, na kwamba masika yajayo wangemwita tena. Mkewe akatoka uani, akarudi amebeba mkungu mkubwa wa ndizi, akauweka miguuni pa Jovina.

"Umetoka kule chini mtoni," alisema kwa ukarimu. "Kule zinakubali kweli."

Jovina alishukuru. Dereva wa bodaboda aliufunga mkungu nyuma kwa mpira, na kituoni Jovina akapanda gari, akaukalisha kati ya miguu yake mpaka mjini. Jumapili alizimenya, akazipika na maharage, akampelekea sahani fundi cherehani wa jirani. Zilikuwa laini, zimeiva sawasawa. Fundi alikula akiwa amesimama mlangoni, akauliza ndizi kama hizi zinatoka kibanja cha nani.

"Cha kaka yangu," alisema Jovina.